Kengele ya Kitanda cha Nne

Bweni la Wauguzi
10 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na magoti yamekupa nafasi. Mama amenionya kwamba hukubali kitu chochote kinacholia ndani ya nyumba yako tangu ulipostaafu reli, na kwamba anayetaka kuongea na wewe aandike au apande basi. Basi naandika. Ukiona mwandiko unayumba, usidhani nimelewa, ni mikono ya mtu aliyeshinda amesimama.

Nimechaguliwa, Mjomba. Katika wahitimu wote wa uuguzi wa mwaka huu, wanane tu tumeingizwa wodi ya moyo. Mafunzo ni wiki kumi na mbili. Mwisho wake Sista, mkuu wa wodi, anaamua nani anaweza kuachwa peke yake mbele ya skrini zinazoonyesha mioyo ya wagonjwa kumi na wawili, na nani arudishwe wodi za kawaida akapige sindano. Kazi hiyo naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nakuambia wewe kwanza, kwa sababu Mama nikimwambia atafunga na kuomba, halafu nikikosa ataona ni sala zake ndizo zilizopungua.

Kazi yenyewe iko hivi. Mgonjwa anabandikwa vibandiko vitano kifuani, kila kimoja na waya wake, na skrini inachora mapigo yake. Sisi tunapewa karatasi zenye michoro hiyo, tunapima kwa bikari kama watoto wa shule na kuhesabu vijumba. Sista tumempa jina la Bi Kikomo, kwa sababu asubuhi hakuamkii kabla hajakuuliza kikomo cha kitanda fulani ni ngapi, cha chini na cha juu. Moyo ukishuka chini ya kikomo au ukipanda juu yake, kengele inalia. Sijui kama anajua tunavyomwita. Nadhani anajua na ananyamaza.

Sasa cheka, maana wenzangu wameshacheka hadi wamechoka. Wiki iliyopita niliona kwenye skrini ya kitanda cha tisa milima mirefu iliyobanana, ile tuliyofundishwa kwamba ukiiona mgonjwa ana dakika chache. Nikabonyeza kitufe cha dharura. Watu sita walikuja mbio na toroli la dawa, wakamkuta mzee wa watu amekaa kitako, povu mdomoni, anapiga mswaki. Kumbe mkono ukienda mbele na nyuma, waya unatikisika na mashine inachora vivyo hivyo. Mzee akatukaribisha. Tangu siku hiyo naitwa Mswaki.

Kinachonichosha ni kengele. Zinalia kutwa, na tisa katika kumi ni za bure: kibandiko kimebanduka, mgonjwa amekohoa, amejikuna. Nikirudi bwenini na kufumba macho bado nazisikia. Wewe ulikaa miaka thelathini na kengele ya geti la reli. Uliwezaje?

Mpwa wako,
Chiriku (sasa Mswaki)


16 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, marahaba sana. Magoti yanalia kama kawaida, hayo tu ndiyo niliyoyaruhusu kulia humu ndani.

Huyo mzee wako wa mswaki amenichekesha mpaka jirani amekuja kuuliza kama nimepata wageni. Lakini usione haya. Heri wewe uliyekimbilia mswaki kuliko yule atakayekaa kwenye kiti akisema labda ni mswaki. Waambie hao wanaokucheka kwamba mjomba wako amesema.

Umeniuliza niliwezaje. Sikuweza. Kwenye geti letu, treni ikitoka stesheni ya jirani, kengele ya kibandani inalia, nami nashusha geti ili watu wasivuke. Sasa mvua ikinyesha nyaya zilikuwa zinagusana, kengele inalia na treni hakuna. Unashusha geti, wasukuma mikokoteni wanakutukana mpaka babu yako aliyekufa, unangoja robo saa, hakuna kitu. Unainua. Inalia tena. Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikachukua kitambaa nilichokuwa nafutia taa, nikakishindilia kati ya kinyundo na kengele. Kimya! Nikanywa chai yangu kama waziri. Wote tulikuwa tunafanya hivyo, na asikudanganye mtu kwamba yeye hakufanya. Binadamu si jiwe.

Kula vizuri, lala, na huyo Bi Kikomo mheshimu. Watu wa namna hiyo wanaudhi, lakini ndio wanaojua kazi.

Mjomba wako


Bweni la Wauguzi
24 Februari

Shikamoo Mjomba,

Hii ni fupi, posta wanafunga saa kumi nami nimetoka zamu sasa hivi.

Barua yako imenitoa uchovu wote. Nimemsomea mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja, yule mrefu tunayemwita Twiga, na amekuomba umpe undugu hata wa kuazima.

Kitanda cha nne tuna mwalimu mstaafu wa hesabu. Moyo wake ni wa polepole, hamsini na mbili, hamsini na moja. Akisinzia tu unashuka hadi arobaini na nane, na kikomo ni hamsini, basi kengele inalia. Anashtuka, moyo unapanda, kengele inanyamaza. Anasinzia tena, inalia tena. Leo amenihesabia: mara kumi na saba tangu asubuhi. Akaniambia kwamba amefundisha watoto sitini kwa darasa, miaka thelathini na tano, na hakuna darasa lililomnyima usingizi namna hii.

Nikakumbuka kitambaa chako. Nikashusha kikomo kutoka hamsini hadi thelathini. Kimya, Mjomba, kimya kabisa, na Mwalimu amelala fofofo mdomo wazi. Kwa sheria nilitakiwa kumuuliza daktari kwanza, kisha niandike kwenye chati, lakini daktari alikuwa kwenye upasuaji na Mwalimu alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba. Nimemwonea huruma. Asante kwa elimu ya reli.

Mpwa wako,
Chiriku


27 Februari

Chiriku,

Leo hakuna salamu. Barua yako nimeipokea sasa hivi na ninaandika nimesimama.

Rudisha hicho kikomo. Kama umesharudisha, mwambie Sista hata hivyo kwamba ulikishusha. Ile hadithi ya kitambaa nilikupa nusu. Nusu ya pili haichekeshi, na hakuna mtu niliyewahi kumpa.

Rudisha, mwanangu, kisha uniandikie.

Mjomba


Bweni la Wauguzi
3 Machi

Mjomba,

Barua yako imefika jana. Imechelewa.

Siku ile nilikuwa nimekusudia kurudisha kikomo kabla ya kukabidhi zamu. Nikasahau. Nilikuwa nawahi posta, Mjomba, kuja kukuambia nilivyo mjanja. Saa kumi na moja jioni Twiga alipita kitanda cha nne kubadilisha shuka akamkuta Mwalimu amelowa jasho, wa baridi, anaitwa haitiki. Moyo ulikuwa umeshuka hadi thelathini na nne na kengele haikulia. Walimkimbiza. Kesho yake wamemwekea kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, kinachousukuma moyo ukizembea. Anaendelea vizuri, jana amekula na ameuliza habari za mtihani wangu. Nimekwenda chooni nikalia.

Sijamwambia mtu.

Katika purukushani ile mashine ilichomolewa kwenye umeme, na ukiiwasha upya inarudi yenyewe kwenye hamsini. Kwa hiyo walipoikagua waliona kikomo kiko sawa, na kengele haikulia. Na asubuhi ya siku hiyo fundi wa mashine alikuwa ameifungua kuikagua. Wote wakamgeukia yeye. Amesimamishwa kazi, na tarehe kumi na mbili kamati inakaa. Kila mtu anasema atafukuzwa.

Ndiye aliyetufundisha kuukunja waya kidogo kabla ya kubandika, ili mgonjwa akigeuka usivutike. Kila anapoulizwa anajibu neno moja, kwamba mashine ilikuwa nzima. Hatukani, hapandishi sauti. Anarudia hivyo hivyo, mashine ilikuwa nzima, na wanamwona mkaidi.

Nikisema, nimeipoteza wodi hii, na pengine leseni yenyewe niliyoipata juzi. Nisiposema, yeye anaondoka na mimi nabaki nimekaa kwenye kiti nilichokitaka. Najua lililo sawa, Mjomba, sikuulizi hilo. Ninaogopa. Kila asubuhi nasema leo, na kila jioni nasema kesho. Mimi, Chiriku mzima, siku saba sina mdomo.

Na wewe nimekukasirikia. Uliandika kwamba wote mlikuwa mnafanya. Uliandika kama utani. Kwa nini ulinipa nusu?

Mpwa wako


6 Machi

Mwanangu,

Una haki ya kukasirika na sitajitetea. Nilikupa nusu kwa sababu nimejipa mwenyewe nusu hiyo miaka ishirini na sita. Ukiisimulia mara nyingi kwa kicheko, unaanza kudhani hadithi inaishia pale kwenye chai.

Haikuishia pale. Niliacha kitambaa kwenye kengele, mvua ikakatika, nami nikakisahau. Treni ya mizigo ikatoka stesheni ya jirani. Kengele haikulia, geti lilikuwa juu. Msukuma mkokoteni mmoja alikuwa katikati ya reli na magunia yake. Aliruka, akabaki hai, lakini mguu wa kulia ulibaki pale. Mimi ndiye niliyemfunga kwa mkanda wangu. Halafu, kabla wakubwa hawajafika, nilirudi kibandani nikakitoa kitambaa, nikakitia mfukoni.

Wakaniuliza. Nikawaambia kengele haikulia. Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Tulikuwa na fundi wa nyaya, mtu mmoja mpole, anatembea na koleo mfuko wa nyuma. Yeye alisema nyaya zile alizikausha na kuzifunga upya wiki hiyo. Hawakumsikiliza. Walimfukuza mwezi huo huo. Alipita kibandani kuniaga, akanipa mkono, nikaupokea. Mimi niliendelea kazini miaka kumi na mitano zaidi, na siku ya kustaafu nikapewa cheti cha utumishi mwema, nimekitia chini ya godoro. Mnadhani nyumbani kwangu hakuna kinacholia kwa sababu nimechoka na kengele. Mama yako ndivyo anavyoamini, nami nikamwacha aamini.

Sikuambii la kufanya. Sina mdomo huo, nimeupoteza zamani. Nakuambia tu nilichopata kwa kunyamaza. Kazi yangu sikuipoteza, na pensheni nimepata. Lakini kila nikisikia mtu akigonga mlango, moyo unaniruka nikidhani ni yule fundi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hata kifo kimekawia, nimebaki naumbuka peke yangu.

Kamati yako inakaa tarehe kumi na mbili. Bado una siku.

Kosa la kitambaa ni langu, na kama huyo Sista anataka ushahidi, mpe barua hii asome.

Mjomba wako


Bweni la Wauguzi
13 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimesema.

Barua yako ilifika tarehe tisa mchana. Niliisoma kwenye ngazi za posta, na sikurudi bwenini, nilijua nikikaa kitandani sitaamka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Sista. Nilimkuta anachonga penseli. Nikamwambia yote, kwa haraka na bila mpangilio, akaendelea kuchonga mpaka nilipomaliza.

"Ulikiweka ngapi?" akauliza.

"Thelathini."

"Mgonjwa alishuka hadi ngapi?"

"Thelathini na nne."

Akaipuliza ile penseli. "Basi mashine ilikutii," akasema.

Hakunitukana, Mjomba. Ningependa angenitukana. Alisimama, akaniambia nimfuate, na jioni ile ile tukaenda kwa fundi nyumbani kwake, bila kungoja kamati. Alikuja mlangoni na kijiko mkononi, alikuwa anamlisha mtoto. Nikamwambia pale pale. Akanisikiliza, akamtazama Sista, akasema asante kwa kuja, akafunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote isipokuwa hayo.

Kesho yake nikaenda kwa Mwalimu, peke yangu, Sista alikataa kuongozana nami. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama ningesema iwapo fundi asingeguswa na mtu. Nikamjibu kwamba sijui. Akasema hilo ndilo jibu la kwanza ninalompa bila kujaribu kumfurahisha, halafu akaniomba nimwinulie mto.

Jana kamati ilikaa. Fundi amerudishwa kazini tangu leo. Mimi nimepewa barua ya onyo, nyingine ikija naondoka. Sista amenirudisha nyuma: wiki sita za ziada, simu mfukoni sina, skrini siigusi, nahesabu mapigo ya wagonjwa kwa vidole na saa ya ukutani, kitanda kwa kitanda, kutwa mara nne. Mwisho wa wiki hizo ataamua kama nina nafasi au sina. Hajaniahidi kitu. Barua yako sikumpa, Mjomba. Kosa la kwangu ni langu, na la kwako si langu kulitangaza.

Sijui kama nitabaki hapa. Lakini usiku wa jana nimelala mpaka Twiga akaja kunipima kama napumua.

Mpwa wako,
Chiriku


Bweni la Wauguzi
2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Miezi miwili na zaidi hujaniandikia. Mama anasema umekuwa mtu wa kupanda mabasi, unaondoka alfajiri na huagi, na anashuku umepata mchumba. Nimemwambia kwa magoti yale, mchumba atakuwa daktari wa mifupa.

Nina habari. Jina langu limeandikwa kwenye ratiba ya zamu.

Wiki sita zile zilikuwa ngumu. Mwanzoni niliona aibu, wenzangu wamekaa mbele ya skrini na mimi nazunguka kama mtu wa kuuza karanga. Lakini vidole vimenifundisha. Sasa najua ngozi ya mtu ambaye moyo wake unakawia, najua anavyokujibu, hata kabla mashine haijasema neno. Fundi alikuwa hanisalimii. Wiki ya tatu alinipita akaniambia ninashika mkono wa mgonjwa kwa nguvu mno, nitahesabu mapigo yangu mwenyewe. Nikafurahi siku nzima. Siku hizi tunasalimiana, si zaidi ya hapo, na mimi sidai zaidi.

Na wodi imebadilisha utaratibu. Hakuna anayeshusha kikomo peke yake tena: muuguzi anamwita daktari, wanaandika wawili, wanatia saini wawili. Sista ameniachia mimi niwafundishe hilo wanafunzi wapya, na hanisaidii, nasimama mbele yao naeleza kwa nini, pamoja na namba zote, thelathini na thelathini na nne. Mara ya kwanza nilianza sentensi moja mara tatu. Wakanisubiri.

Jumatatu ndipo nilipoachwa peke yangu. Mioyo kumi na miwili, Mjomba, na mimi. Mama mmoja ana jasho jingi, vibandiko havikai, kengele yake imelia mara kumi na moja. Nimeinuka mara kumi na moja. Mara ya mwisho ameniambia mwanangu kaa basi, utachoka. Nikamwambia nimeajiriwa kuchoka. Mwisho wa zamu Sista alikuja, akasoma chati zote kimya, akaweka saini yake chini ya yangu.

Nimelia tena, lakini si chooni.

Niandikie.

Mpwa wako,
Chiriku


9 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nne, na jirani nimemsomea kwa lazima. Mchumba sina, mwambie mama yako apumue.

Nilikuwa namtafuta yule fundi wa nyaya.

Barua yako ya Machi ilinikosesha raha. Nilijiambia, mtoto wa juzi ameweza ndani ya siku kumi na tatu, na mimi nina miaka ishirini na sita. Nikaanza na stesheni yetu ya zamani, hakuna anayemkumbuka. Safari ya pili nikampata mtu aliyewahi kufanya naye kazi, akanielekeza mji wa mbali, nikaenda, kumbe alishahama. Yule msukuma mkokoteni alifariki miaka mingi iliyopita, nilikwenda kwa wanawe nikawaambia. Mmoja alinifukuza. Alikuwa na haki, nikaondoka.

Fundi nimempata Jumamosi. Anatengeneza redio kibarazani kwake, nywele nyeupe zote. Hakunitambua mpaka nilipotaja geti. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwenye basi, nilipofika yote yakanipotea. Nikamwambia nikiwa nimesimama: ilikuwa kitambaa, nilikitia mimi, nilikitoa mimi, nyaya zako zilikuwa nzima.

Aliendelea na redio yake. Mimi sikujua niende au nibaki, nikaanza kumsimulia habari zako, kwamba nina mpwa muuguzi, alifanya kosa kama langu kwa sababu ya upuuzi niliomwandikia, na fundi wa mashine akasingiziwa. Hapo akainua uso.

"Walimfukuza?" akauliza.

"Hapana. Mtoto alisema kabla kamati haijakaa. Yuko kazini mpaka leo."

Akaweka koleo chini. Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akaniambia tena, polepole. Nikarudia tena, yuko kazini mpaka leo, na machozi yakawa yanamtoka bila kuyafuta. Kisha akaita ndani waniletee kiti.

Mjomba wako